Kwa nini ushindi wa timu ya jirani unauma kuliko kipigo cha timu yako

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, nimeishi Chicago tangu mwaka 2004, upande wa kusini wa jiji. Sikujua lolote kuhusu besiboli mpaka mzee mmoja jirani yangu aliponipeleka uwanjani na kunifundisha kuandika mchezo kwenye karatasi, pigo kwa pigo. Mwaka uliofuata White Sox, timu ya upande wetu wa kusini, walichukua ubingwa, na tangu hapo nikawa mtu wao. Miaka hii mitatu tumekuwa tukipoteza mechi zaidi ya mia kila msimu, na hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni Cubs, timu ya upande wa kaskazini wa jiji hilihili. Msimu huu wa 2025 walipoingia hatua ya mtoano nilikuwa silali vizuri, nilizima redio kazini kila walipotajwa, na walipotolewa na Milwaukee Brewers niliruka na kupiga kelele sebuleni. Ndipo nikamwona mwanangu wa miaka tisa, ambaye marafiki zake wote wa shule ni Cubs, anafuta machozi. Akaniuliza: Baba, mbona unafurahi nikilia? Sikuwa na jibu. Sasa anataka kofia ya bluu na mimi nimemkatalia. Mke wangu anasema nina husuda. Je, huu ni ugonjwa? Je, niache kabisa kufuatilia besiboli?"

Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa kuandika bila kujificha. Umeuliza kama huu ni ugonjwa na kama uache besiboli, lakini nikiisoma barua yako naona kwamba swali lililokusukuma kushika kalamu ni la mwanao. Nitaanza na yako, kwa sababu jibu utakalompa mtoto linategemea hayo. Huu si ugonjwa, na sioni sababu ya wewe kuacha kufuatilia mchezo. Hata hivyo, ndani ya furaha ile ya sebuleni kuna jambo linalohitaji kutazamwa kwa utulivu, na umefanya vyema kutolipuuza.

Huenda umeshaambiwa na watu wenye nia njema kwamba ni mchezo tu, na kwamba mtu mzima hapaswi kukosa usingizi kwa sababu ya watu wanaolipwa mamilioni kupiga mpira kwa gongo. Kauli hiyo haina ukweli na haisaidii. Ulikuwa mgeni katika jiji la baridi, huna ukoo wala mtaa, na mzee wa watu akakuketisha kando yake, akakupa penseli na kukuonyesha kwamba mpigaji aliyetolewa kwa kukosa mara tatu huandikiwa herufi K, na yule aliyesimama akiutazama mpira wa tatu ukimpita huandikiwa K iliyogeuzwa uso. Mwaka uliofuata, Oktoba 2005, timu aliyokupa iliwafunga Houston Astros mechi nne kwa bila na kumaliza miaka 88 bila ubingwa, kwa maana mara ya mwisho ilikuwa 1917. Siku ile Chicago ilikuwa yako pia. Mtu hapokei zawadi ya namna hiyo kisha aiite mchezo tu.

Mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwahi kuonyesha jinsi moyo wa binadamu unavyoshika upande hata pasipo sababu nzito kama yako. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1971, aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, katika makundi mawili na kuwaambia baadhi yao kwamba wamegawanywa kwa kufuata mchoraji wanayempenda, Klee au Kandinsky. Walipopewa nafasi ya kugawa fedha kidogo kwa wenzao wasiojulikana majina, hawakuridhika kuwapendelea wa kundi lao. Mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu ya ambacho lingeweza kupata, ilimradi lile jingine lipate pungufu zaidi. Pengo ndilo lililowapa raha, hata kuliko fedha zenyewe. Ikiwa wavulana walifanya hivyo kwa ajili ya mchoraji waliyetajiwa dakika chache kabla, sishangai kwamba wewe, baada ya miaka 20 ya kuipenda timu moja, unaupima msimu wako kwa kuangalia walipo Cubs.

Lipo jambo la pili ambalo linakuhusu wewe zaidi kuliko shabiki wa kawaida. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu vya Marekani, wakaonyesha kwamba Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye nembo ya chuo, na walipoulizwa kwa simu kuhusu mechi, ushindi waliusimulia kama wao wenyewe, ilhali kipigo kilielekea kusimuliwa kama cha watu wengine. Sisi Waswahili tunalifanya hilo kwa silabi moja tu: tumeshinda, wamefungwa. Shabiki anayeweza kubadili silabi hiyo ana mlango wa kutokea timu inapozama. Wewe huna mlango huo. Umeniandikia "tumekuwa tukipoteza", na hukusema "wamekuwa", ingawa msimu wa 2024 timu yako ilipoteza mechi 121 kati ya 162, idadi ambayo hakuna timu nyingine ya ligi kuu iliyowahi kuifikia tangu karne ya 20 ianze. Nakuheshimu kwa uaminifu huo. Lakini mtu asiyekubali kujitenga na timu yake inapoanguka hubakiwa na faraja moja tu, nayo ni kuona kwamba jirani naye hana kitu. Jirani akipata, faraja hiyo ya mwisho inaondoka. Ndiyo maana umezoea vipigo mia vya timu yako na hujazoea ushindi wa Cubs.

Tazama sasa jinsi jambo hili lisivyohusiana na hasara halisi. Simba na Yanga wanagombea kombe moja la ligi. Yanga akilibeba, Simba amelikosa, na maumivu ya mtu wa Msimbazi yana hesabu iliyo wazi. Besiboli ya Marekani ina ligi kuu mbili: Cubs wamo Ligi ya Taifa, White Sox wamo Ligi ya Amerika. Timu hizi mbili zilianza kukutana katika mechi za msimu wa kawaida mwaka 1997 tu, na ubingwa hazina njia ya kuugombea ana kwa ana isipokuwa kwenye World Series, yaani fainali ya mabingwa wa ligi hizo mbili, jambo lililotokea mara moja katika historia, mwaka 1906, White Sox walipowashinda Cubs mechi nne kwa mbili ingawa Cubs walikuwa wameshinda mechi 116 msimu ule. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2016, Cubs walipoifunga Cleveland 8 kwa 7 katika awamu ya kumi na kumaliza miaka 108 bila ubingwa, White Sox hawakushuka hata nafasi moja kwenye msimamo wowote, kwa kuwa msimu wao ulikuwa umeshakwisha mwezi mmoja kabla. Hata hivyo watu wa kusini waliumia, na mto wa jiji ulipotiwa rangi ya bluu siku mbili baadaye kwa ajili ya sherehe, wapo walioona ni jiji lao limewageuzia mgongo. Kilichopotea usiku ule kilikuwa neno la mwisho katika kila mabishano: sisi tuna 2005, ninyi mna 1908. Kwa miaka kumi na moja neno hilo lilitosha kumaliza ubishi, kisha likaacha kutosha.

Abraham Tesser, aliyefundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Georgia, alieleza hali hii vizuri tangu miaka ya 1980. Mafanikio ya mtu mwingine yanatuumiza kwa kadiri ya mambo mawili yanapokutana: mtu huyo awe karibu nasi, na jambo alilofanikiwa liwe ndilo tunalojipimia. Bingwa akitoka Los Angeles hukosi usingizi, kwa sababu yuko mbali. Shemeji yako akipandishwa cheo katika kazi isiyokuhusu, unafurahi naye. Lakini Cubs wako kwenye reli ileile unayopanda kwenda kazini. Treni ya mstari mwekundu inasimama Sox–35th, kituo cha uwanja wenu, inapita katikati ya jiji, na inaendelea hadi Addison, hatua chache kutoka Wrigley Field, uwanja wa Cubs. Kila jioni ya mechi unakaa kiti kimoja na jezi ya bluu.

Nigusie pia jambo ambalo haliko kwenye barua yako lakini nalisikia kwa watu wengi wa upande wako wa jiji. Upande wa kusini una viwanda vilivyofungwa na mitaa iliyoachwa, na mtu aliyeishi huko miaka 20 ameshazoea kuona fedha, watalii na kamera zikielekea kaskazini. Anaposikia jiji zima likiimba kwa ajili ya timu ya kaskazini, anasikia ndani yake jambo kubwa kuliko besiboli. Ikiwa sehemu ya uchungu wako ni hiyo, itambue kwa jina lake, kwa sababu ni uchungu halali na hautatibiwa na kipigo chochote cha Cubs.

Sasa niseme juu ya kelele zako za sebuleni. Mwaka 2011 Mina Cikara, Matthew Botvinick na Susan Fiske walichapisha utafiti waliowalaza mashabiki sugu wa Yankees ya New York na Red Sox ya Boston, timu mbili hasimu za besiboli, ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakiwaonyesha matukio ya mechi. Timu pinzani ilipofeli, hata ilipofeli mbele ya timu ya tatu ambayo shabiki hakuwa na mapenzi nayo, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kuhisi tuzo iliamka, kama inavyoamka mtu anapopata kitu anachokitamani. Kwa hiyo ulipoona Brewers wakiwatoa Cubs katika mechi ya tano, ubongo wako ulifanya ulichofanya ubongo wa wale mashabiki wa New York na Boston. Huwezi kuuzuia usifanye hivyo, na hakuna sababu ya kujiita mgonjwa. Lakini watafiti wale waligundua jambo jingine ambalo nataka ulichukue kwa uzito: wale ambao sehemu hiyo iliamka zaidi walikuwa pia wepesi zaidi kukiri kwamba wangeweza kuwazomea, kuwatukana, au hata kuwapiga mashabiki wa timu pinzani. Raha ya kuanguka kwa mwenzako haina madhara peke yake, ila imejenga nyumba karibu sana na ukatili, na jioni ile mwenzako alikuwa mtoto wako.

Mke wako ametumia neno husuda, na sitalifuta, ila nitalipunguza. Wazee wetu wa pwani walitofautisha kutamani upate kama alichopata jirani na kutamani jirani aondolewe alichonacho. La kwanza ni tamaa ya kawaida, la pili ndilo husuda. Kwa dakika moja, mbele ya televisheni, ulikuwa kwenye la pili, kama nilivyokuwa mimi mara nyingi nikikulia Temeke katika nyumba ya Simba iliyopakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya Yanga. Kilichotuokoa sisi hakikuwa uungwana wa pekee. Ni kwamba tulikuwa na namna ya kuishi nalo, na nitaieleza.

Kabla ya hapo niseme waziwazi kuhusu njia ambazo huenda unazifikiria. Kuacha kabisa kunafaa kwa mtu ambaye mchezo umemharibia ndoa au mfuko, lakini kwako kungekuwa kukata uzi unaokuunganisha na yule mzee na jiji lenyewe, na sidhani kama utapata kitu kingine cha kuuziba upenyo huo haraka. Kuzima redio kunasaidia kwa siku moja au mbili. Ukikufanya ndiyo desturi yako, utajikuta unaishi kwa kukwepa, na kila jezi ya bluu itazidi kukushtua. Njia ninayoikataa moja kwa moja ni ile ya kutoa hasira zote kwa kupiga kelele na kutukana ili moyo upoe. Watu wengi wanaiamini. Brad Bushman aliipima katika utafiti wa mwaka 2002, akawaacha watu waliokasirishwa wapige gunia la mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi, na watu hao waliondoka na hasira nyingi kuliko wale walioketi kimya bila kufanya lolote.

Njia ninayoiamini tunayo tayari katika lugha yetu. Waandishi wetu wa michezo, wakitaja Simba na Yanga, hawasemi mahasimu peke yake. Wanasema watani wa jadi. Wewe umeishi na Cubs kama hasimu kwa miaka 20 na hujawahi kuwafanya watani. Tofauti ni kubwa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vya kweli katika karne ya 19, wakauana, na leo ni watani, yaani wana haki ya kusemana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patachimbika. Lakini haki hiyo inakuja na wajibu. Nilipokuwa kijana tulimzika babu yangu, na kabla jeneza halijashushwa mtani wake mmoja alirukia kaburini, akajinyoosha chali kwenye udongo mbichi na shati lake jeupe, akatangaza kwamba haondoki mpaka alipwe deni analodai marehemu. Akina mama waliokuwa wanalia wakaanza kucheka katikati ya machozi, mjomba akamtupia noti, mzee yule akatoka akajipangusa, na ndiye aliyeshika koleo la kwanza kufukia. Alikuwa amemcheka babu yangu maisha yake yote, na siku ile alifika kabla ya ndugu wengi.

Utani una masharti, na masharti hayo ndiyo dawa. Unafanywa ana kwa ana na mtu unayemjua jina. Unakwenda pande zote mbili, kwa hiyo ukimcheka leo ujue zamu yake inakuja. Haukasirikiwi. Na aliye kwenye machungu halisi hachekwi mpaka mtani wake aliyekuja kumsaidia aone kwamba kicheko kitamponya. Nakushauri utafute mtu mmoja wa Cubs, mmoja tu, na baba wa rafiki wa mwanao angefaa sana. Mwekeane sharti la mechi za msimu ujao timu zenu zitakapokutana: atakayepoteza ampikie mwenzake, wewe pilau na yeye atakachojua. Uso wa mtu unayekula naye ukishaingia ndani ya jezi ile ya bluu, furaha ya timu yake haitakuchoma kwa namna ileile. Itakuchoma bado, sitakudanganya, lakini utakuwa na mtu wa kumwambia imekuchoma.

Nikupe mfano wa kwenu huko. Barack Obama ni shabiki wa White Sox anayejulikana, na mke wake Michelle ni Cubs tangu utoto. Tarehe 16 Januari 2017, siku nne kabla ya kuondoka madarakani, aliwapokea Cubs Ikulu kwa heshima zote za mabingwa, akawasifu, na hakuikana timu yake. Nyumba moja, rangi mbili, na ndoa inaendelea.

Utani nao una mipaka. Haufai na mtu mwenye mamlaka juu yako kazini asiyejua masharti yake, wala na watu usiowajua kwenye simu, wala pale maneno yanapoacha timu na kugeukia rangi ya mtu, asili yake au mtaa anaotoka. Hapo ondoka.

Zipo dalili ambazo zikiwepo nisingependa utegemee barua yangu. Ikiwa usingizi umeendelea kuharibika kwa zaidi ya wiki mbili baada ya msimu kwisha, ikiwa mambo mengine uliyoyapenda hayakupi raha tena, ikiwa unakunywa ili utulie, ikiwa umeanza kubeti kwenye simu dhidi ya Cubs na kuficha hasara, au ikiwa mkono wako umeinuka juu ya mtoto au mkeo, nenda ukaonane na daktari wako wa kawaida ana kwa ana na umweleze kama ulivyonieleza mimi. Kumbuka pia kwamba besiboli inakwisha wakati uleule giza linapoingia. Saa zikisharudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba, jua la Chicago linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na baadhi ya watu waliokulia karibu na ikweta hupata huzuni ya majira ya baridi wasiyoijua jina wakadhani ni timu. Daktari anaweza kuitofautisha, na ina tiba. Na kama itafika siku ukawaza kwamba ni afadhali usiwepo, usisubiri miadi: piga 988, namba ya msaada huko Marekani kwa mwenye mawazo kama hayo, usiku au mchana, na uombe mkalimani ukipenda.

Sasa mwanao. Alikuuliza mbona unafurahi akilia, na anastahili jibu wiki hii, kabla hajajitungia la kwake. Mwambie kwamba hukumwona, kwamba ulikuwa unaishangilia timu kuanguka na hukujua aliyeanguka nayo ni yeye, na kwamba ulikosea. Usimwongezee maelezo ya ligi wala ya mwaka 2005. Mtoto wa miaka tisa ameingia Cubs kwa mlango uleule ulioingilia wewe White Sox: watu waliokuwa karibu naye walimkaribisha, naye akataka kuwa mmoja wao. Ukimnyima kofia hutampata awe White Sox. Utampata mtoto anayevua kofia akikaribia nyumbani, na siku nyingine atavua na mambo mengine.

Mnunulie kofia, na uende naye dukani mwenyewe. Una ruhusa ya kumwambia kwamba inakuuma kidogo kuiona, na ya kumtania juu yake siku ambayo yeye ametulia na anaweza kukurudishia. Kisha toa karatasi na penseli. Ana umri mzuri wa kujifunza kuandika mchezo, na majira ya baridi ni marefu vya kutosha kumfundisha kwa kutazama mechi za zamani kabla msimu haujafunguliwa mwishoni mwa Machi. Anza na ile K, halafu ile iliyogeuzwa uso.